Ntilie: Mkono Ulioachwa Nje ya Picha

Majina mengi ya kazi za mjini humtaja anayeifanya kazi au kile anachokifanya: fundi cherehani, mpiga debe, muuza kahawa, mchoma mahindi. Mama ntilie hayumo katika mkumbo huo. Ndani ya jina lake yeye mwenyewe hajasema neno. Anayesema ni mteja. Ni sauti ya mtu mwenye njaa aliyefika mezani saa saba mchana, ameshanawa, anamwambia mama amtilie: wali maharage, mchuzi uzidi kidogo, na kama mchicha upo basi na mchicha. Wasemaji wakaibana ile "nitilie" ikawa "ntilie", kama pwani inavyopenda kubana, kisha ombi likamgandia aliyeombwa mpaka likawa jina lake. Ukilitazama vizuri, jina hili ni picha kamili. Lina watu wawili, sahani moja, na upawa uliokwisha kuchota lakini haujamimina.

Naanza na jina kwa sababu linatusaidia kujibu swali wanaloulizana watazamaji mbele ya picha za wauza chakula wa mtaani: mama huyu na sufuria yake wanamaanisha nini? Taashira ni kitu kinachoonekana ambacho kimebeba maana isiyoonekana, kama mwenge wa mnara wa Mnazi Mmoja, hatua chache kutoka Kariakoo, unavyobeba Uhuru wa 1961. Kwa mazoea hayo hayo tunamtafutia muuza chakula maana ya jumla: huyu ni umaskini, huyu ni subira ya mwanamke, huyu ni Afrika inayolisha watoto wake. Naona majibu yote hayo yanatazama pasipostahili. Maana ya picha ya muuza chakula haikai ndani ya muuzaji. Inakaa kati yake na mlaji, pale chakula kinapohama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Mchoraji akiuacha mkono wa pili nje ya fremu, kinachobaki ni pambo la ukutani, na picha nyingi zinazouzwa Dar es Salaam zimeuacha mkono huo kwa muda mrefu.

Mfano mzuri wa kupimia hoja hii unatoka mbali kidogo. Mwaka 1878 Camille Pissarro, mmoja wa wachoraji wa Ufaransa walioitwa Impreshonisti, alichora kwa sindano juu ya bamba la shaba picha ya wanawake wauza kokwa za kuchoma kwenye gulio la Mtakatifu Martin, mjini Pontoise, alikokuwa akiishi. Kokwa hizo, ziitwazo marrons, huchomwa juu ya moto na kuuzwa zikiwa moto wakati wa baridi, na kazi yenyewe haina tofauti kubwa na ya mchoma mahindi wa Mtaa wa Msimbazi. Gulio hilo lilifanyika Novemba. Pissarro alikuwa na hali ngumu ya fedha miaka hiyo, picha zake hazikununulika, na hakuna tajiri aliyemwagiza kuchora wauza kokwa. Aliwachora kwa sababu soko lilimvuta, na liliendelea kumvuta hadi uzeeni. Miaka ya 1890 alikuwa bado anatengeneza picha za chapa za soko la Gisors, zimejaa wanawake wanaouza na wanaonunua.

Mvuto huo hakuuanzia Ufaransa. Pissarro alizaliwa 1830 katika kisiwa cha Saint Thomas, huko Karibiani, kilichokuwa koloni la Denmark, mahali ambapo Waafrika walioletwa utumwani na vizazi vyao ndio waliobeba, waliofua na waliochuuza. Mwaka 1856 alichora picha ya rangi ya wanawake wawili weusi wakizungumza kando ya bahari kisiwani humo, mmoja wao akiwa na kapu kichwani. Mtu yeyote aliyewahi kupita kwenye maduka ya zawadi za watalii Dar es Salaam anamfahamu mwanamke mwenye kapu kichwani. Huuzwa kwa mafuta, kwa batiki, kwa majani ya mgomba yaliyobandikwa kwenye kadi. Tofauti ni kwamba huyu wetu huwa peke yake, machweo yakiwa nyuma yake, hana macho wala mdomo, anatembea kutoka pasipojulikana kwenda pasipojulikana. Mwanamke wa Pissarro amesimama kwa sababu amekutana na mwenzake. Kapu liko kichwani lakini mazungumzo ndiyo yaliyoishika picha. Kijana wa miaka ishirini na kitu, ambaye bado hajaingia katika kundi lolote la wasanii mashuhuri, alikwisha kuona kwamba mchuuzi hana maana bila mtu wa kusemezana naye.

Hapa mtu aliyesoma historia ya sanaa atanipinga, na ana haki. Atasema Impreshonisti walizikimbia taashira makusudi. Walichoka na picha za miungu na malaika ambamo kila ua na kila njiwa ana tafsiri yake. Wao walitaka kuchora mwanga unavyoangukia kitu saa hiyo, basi. Kumtafutia maana muuza kokwa wa Pissarro ni kumrudisha mchoraji alikotoroka. Pingamizi hili lina nguvu, lakini linachanganya vitu viwili. Kukataa mafumbo ya vitabuni hakumzuii mtu kuchagua, na mchoraji huchagua kila anaposhika sindano: nani awe mbele, nani apewe mgongo, moto uwe wapi. Tena Pissarro, aliyekuwa na imani za kianakisti, alijua kulaumu waziwazi alipotaka. Mwishoni mwa 1889 alitengeneza mfululizo wa michoro alioupa jina la Turpitudes sociales, ambamo njaa, soko la hisa na kujiua vimeanikwa bila kificho. Picha zake za soko hazina sauti hiyo. Aliiweka hasira pembeni, akabaki na watu wanaouziana. Mtu anayeweza kuhubiri, kisha akachagua kutohubiri, amekwishasema jambo.

Chombo chenyewe kilimsaidia. Sindano inapokwaruza shaba bila kutumia tindikali, haiiondoi ile shaba. Inaisukuma kando, ikasimama kama udongo unaojipanga kwenye kingo za tuta jembe linapopita. Kingo hizo ndogo hushika wino zaidi ya mfereji wenyewe. Bamba likibanwa kwenye karatasi yenye unyevu, mstari hautoki mkali kama wa kalamu bali hutoka na ukungu, kama moshi. Mipaka kati ya mwili na mwili hulainika, na mahali moshi wa jiko unapoishia na joho la mteja linapoanzia hapako wazi sana. Ni njia inayofaa kuchora umati kuliko kuchora mtu mmoja aliyesimama kama sanamu. Ila haina maisha marefu: kila bamba linapopita chini ya mtambo, kingo zinalala, na baada ya nakala chache picha inapauka. Nitarudi kwenye kupauka huko.

Dar es Salaam nayo imekuwa na mtambo wa kuchapia picha za namna hii. Nyumba ya Sanaa ilianzishwa 1972 na Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll, na humo vijana walijifunza batiki, uchongaji, na pia kuchora juu ya mabamba ya metali na kuyachapa. George Lilanga, Mmakonde aliyetoka kusini, alianzia hapo kama mlinzi kabla kazi zake hazijapata jina duniani. Mashetani yake yenye masikio makubwa na matumbo yaliyochomoza hayafanani kabisa na wanawake wa Pontoise. Hakuna anayeweza kumwita Impreshonisti bila kuchekwa. Lakini tazama yanavyokaa. Ni nadra shetani wa Lilanga kuwa peke yake. Mmoja amemshika mwenzake bega, mwingine amepokea kibuyu, wa tatu ananyoosha mkono na wa nne ameukwepa; hata nafasi iliyo wazi kati yao inafanya kazi. Huo ni urithi wa vinyago vya Kimakonde vya mtindo wa ujamaa, ambamo watu hupandana na kubebana katika gogo moja. Kwa hiyo mkono wa pili haukuletwa kwetu na Wafaransa. Ulikuwapo katika sanaa iliyochapwa na kuchongwa mjini humu, na ndiyo maana kutoweka kwake kwenye picha za mama muuza chakula kunahitaji kuelezwa.

Maelezo yake, naona, yako kwenye meza ya matunda. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa 1932 huko Tunduru, alianza kuchora karibu na 1968 akitumia vipande vya ubao laini wa dari na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli. Hakuwa na jumba la maonyesho. Picha zake ziliuzwa Oysterbay, jirani na duka la Morogoro Stores, mahali ambapo mkewe alikuwa akiuza matunda na mboga. Wazungu waliokuja kununua mahitaji ya jikoni ndio walioziona. Alipouawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, kwa makosa, alikuwa amefanya kazi hiyo miaka michache tu, na ndugu na wanafunzi wake wakaiendeleza mpaka ikawa ushirika uliosajiliwa 1990. Ina maana sanaa ya Tanzania inayojulikana kuliko zote ilizaliwa juu ya meza ya muuza chakula. Ilipitia mkononi mwa mchuuzi wa matunda kabla haijafika kwenye kuta za Ulaya na Japani. Lakini mteja wa picha hakuwa mteja wa mama ntilie. Alitaka kitu kitakachoingia kwenye sanduku na kueleweka akifika kwao bila maelezo: twiga, mbuyu, ndege, na baadaye mwanamke mwenye kapu. Mlaji, yule msukuma mkokoteni aliyekaa kwenye benchi akisubiri wali, hakueleweka upesi, akaachwa.

Si wachoraji wote waliomwacha, na kusema hivyo ni wajibu. Mohamed Charinda, aliyetoka katika mkondo huo huo wa Tingatinga, alijulikana kwa picha za hadithi na za maisha ya watu, zenye msongamano wa mambo. Katuni za magazeti nazo hazikukubali kumwacha mlaji. Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na vikaragosi vilivyomfuata, viliishi mitaani na vijiweni, na mchora katuni anayemweka mama ntilie kwenye kibonzo karibu kila mara humwekea na watu wa kumzunguka, kwa sababu bila wao hakuna utani wala siasa. Nikilazimishwa kutaja ndugu wa kweli wa Pissarro hapa mjini, nitawataja hawa wa magazetini. Wana mstari mweusi, karatasi duni, nakala nyingi na jicho lililozoea umati.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza. Mtu atasema: mchoraji wa Msasani ana kodi ya nyumba na ada za watoto, akichora kile mtalii anachokitaka, kosa lake nini? Na anayemlaumu anataka ale nini? Nakubali, tena zaidi ya mpingaji anavyodhani. Mchoraji huyo ni mchuuzi wa mtaani vilevile. Picha yake ni sahani anayomtilia mteja, na mteja akitaka mchuzi zaidi, anaongezewa. Kinachosikitisha ni kwamba yeye, anayeijua biashara hiyo ndani nje, ndiye anayelipwa ili asiionyeshe. Hapo ndipo bamba la shaba linaponirudia akilini. Yule mwanamke wa kapu amechorwa mara nyingi mno kwa kuigwa kutoka ubao hadi ubao, na katika kila nakala kingo zimelala kidogo: kwanza akapoteza uso, kisha akapoteza mzigo unaotambulika, mwisho njia anayopita. Leo kapu lake halina kitu. Hakuna ajuaye kama amebeba maembe au dagaa, wala hakuna aulizaye, kwani hakuna mnunuzi ndani ya picha.

Lipo pia onyo ambalo hoja yangu haina budi kulimeza. Kusifia kupeana kunaweza kugeuka kuwa pazia. Mama anayepika Mtaa wa Kongo, Kariakoo, ameamka saa kumi usiku, amevuta moshi wa mkaa, amekopesha watu ambao majina yao yamejaa daftari, na sahani anayoitoa kwa tabasamu huenda haijamrudishia mtaji. Mikono miwili inayokutana si lazima iwe sawa. Mmoja umeungua. Picha itakayoonyesha kupeana bila kuonyesha kuungua itakuwa imedanganya kwa namna nyingine. Lakini tazama ni picha gani inayotupa nafasi ya kuliona hilo. Ukiwa na watu wawili ndani ya fremu unaweza kuuliza nani amekaa na nani amesimama, nani anatoa jasho na nani anapepewa, hela iko wapi. Ukiwa na mtu mmoja na machweo, maswali hayo hayana pa kushika.

Kariakoo yenyewe ni ushahidi wa jinsi mji unavyowatendea wanaolisha wengine. Jina limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambao baada ya mji kutwaliwa 1916 walikuwa na kambi eneo hilo. Wapagazi walibeba vichwani unga, mchele na risasi za majeshi, na makumi ya maelfu yao katika Afrika Mashariki walikufa, wengi kwa maradhi na uchovu. Mwaka 1927 ukumbusho wa vita ulisimamishwa katikati ya mji, na aliyepandishwa juu ni askari mwenye bunduki. Aliyebeba chakula hakupata nafasi hiyo. Alichopata ni soko: midomo ya watu iliibadili Carrier Corps ikawa Kariakoo, na kila anayemwambia kondakta "Kariakoo, shusha" anamtaja bila kujua. Nusu karne baadaye msanifu Beda Amuli alijenga hapo soko jipya, lililofunguliwa 1975, akalifunika kwa miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa, inayokusanya maji ya mvua. Mimi naisoma miavuli ile kama heshima kwa mti na mwavuli wa mchuuzi, kivuli ambacho watu wamekuwa wakiuziana chini yake kabla ya jengo lolote. Moto wa Julai 2021 uliliunguza soko hilo, lakini hata kabla ya moto wauzaji walikuwa wamelizidi, wamemwagika Msimbazi, Kongo, Swahili na Narung'ombe, kila mmoja na mwavuli wake wa kweli.

Serikali nazo zimekuwa zikibadili namna ya kumwona mchuuzi. Sheria ya Nguvukazi ya 1983 ilipotekelezwa, waliouza bila leseni walihesabiwa miongoni mwa wazururaji wa kuondolewa mjini. Desemba 2018 wakagawiwa vitambulisho vya shilingi 20,000 vya wajasiriamali wadogo. Oktoba 2021 wakaamriwa kuondoka kandokando ya barabara, na vibanda vikavunjwa. Katika nyaraka za miaka hii jina nalo limesafishwa: sasa ni mama lishe, na mwenzake baba lishe. Nia ni njema, maana wapo walioona "ntilie" ni la dharau. Lakini sikiliza kilichopotea. Mama lishe ni jina lililotoka ofisini, lina muuzaji na lina virutubisho, halina mtu anayeomba chakula. Limefanya kwa neno kile ambacho ubao wa mtalii ulikifanya kwa rangi. Mitaani watu wengi bado wanasema ntilie, pengine kwa sababu wenye njaa ndio wanaolitamka.

Kama leo mtu angeshika sindano na bamba la shaba akaenda Mtaa wa Kongo, asubuhi ya siku ambayo meza zimeondolewa, asingekosa cha kuchora. Jiko la mkaa lililokaa mahali pamoja miaka kadhaa huacha duara la masizi kwenye lami, na pembeni yake alama nne za miguu ya benchi, zimechimbika kidogo upande ule walikokuwa wakikaa wateja.